Leso Chini, Magoti Yamenyooka

Veneranda alisimama mbele ya kikundi cha ngoma cha Ntalikwa, leso imetandazwa ardhini mbele yake. Sharti lilikuwa moja: anayeiokota kwa meno bila kukunja magoti ndiye anayepokelewa kikundini.

"Dada Veneranda, mwili wote huo unaupeleka wapi?" kiongozi, mama mwembamba kama ufito, alimtania. "Tumbo litafika kabla ya meno!"

Wanawake wakaangua kicheko. Veneranda naye akacheka, maana woga wake alishaumaliza nyumbani. Tangu karanga zilipovunwa, kila asubuhi alikuwa akishika mwimo wa mlango na kujinyoosha mpaka mapaja yanawaka moto.

Akatanua miguu, akashusha pumzi, akainama kuanzia nyonga, kama anavyoinama shambani akipalilia. Tumbo likateremka katikati ya mapaja, likapata nafasi yake pale, likatulia. Nyuma ya magoti pakavuta, pakavuta zaidi, kisha pakaachia taratibu, kama unga wa chapati uliokandwa ukapumzishwa.

Akanusa vumbi. Akahisi pamba ya leso ikimgusa midomo.

Alipoinuka, leso ikining'inia menoni, mpiga ngoma alikuwa ameshaanza kupiga bila kuambiwa, na vigelegele vimefunika uwanja mzima.

"Nani ana futi hapa?" kiongozi alipaza sauti, mikono kiunoni, akijitahidi kununa na kushindwa. "Mpimeni huyu sare, upesi, kabla sijaona wivu!"