Vibano Vitatu

Vibano vitatu vilikuwa juu ya meza, na Datius alijua kwamba kama hata kimoja hakitampendeza Mwalimu Rugaibula, hatapiga siku ya Uhuru.

Kibano chenyewe ni kitu kidogo. Ni pete inayoubana ulimi wa mwanzi kwenye mdomo wa klarineti ili usihame mahali pake. Lakini Mwalimu alikuwa ameshasema mbele ya bendi nzima kwamba sauti ya Datius inalia kama debe, na kwamba kosa liko kwenye kile kibano chake cha bati kilichopasuka.

"Tafuta kingine. Jumanne nitakusikiliza peke yako."

Jumanne yenyewe ndiyo hii. Zilibaki siku nne bendera mpya ipandishwe, na watu wa Kagondo, kijijini kwake, walikuwa wamekwisha kupanga kuja uwanjani kumsikiliza mtu wao.

Mji wote ulimwogopa Rugaibula na kujivunia kuwa naye. Alipiga klarineti katika bendi ya jeshi, akapelekwa Burma, akarudi na medali mbili na uso usiocheka. Bendi ya parokia aliianzisha yeye, na miaka kumi na mitano hakumwonea huruma mtu aliyekosea noti. Wiki iliyopita alikuwa amesimamisha wimbo katikati, akamwonyesha kidole Ildefons, mpiga klarineti mwenzake Datius, akasema neno moja: "Nje." Ildefons akaiacha klarineti mezani, akatoka.

Njiani alilia kama mtoto. "Nilipiga sawa, Datius. Naapa nilipiga sawa."

Datius alikuwa amesimama ubavuni kwake siku ile na hakusikia kosa lolote. Lakini yeye ni mkulima wa kahawa. Masikio yake na ya Mwalimu wapi na wapi?

"Hivi umevitoa wapi?" Mwalimu aliuliza sasa.

Datius aliinama kuvigusa. "Hiki cha shaba nimekinunua dukani. Hiki..."

"Nitazame unaposema. Unaongea na meza?"

Datius akainua uso haraka. "Samahani, Mwalimu. Hiki cha shaba nimekinunua dukani. Cha ngozi nimekatiwa na fundi viatu. Huu ni uzi wa pamba. Benigna, mke wangu, ameupaka nta ya nyuki."

Mwalimu aliupitisha uzi vidoleni taratibu.

"Shaba inaitoa sauti wazi," alisema, "lakini ukizidisha, inakata. Ngozi inapooza. Uzi ndio walioutumia watu wa kwanza, kabla ya vyuma. Uzi unauacha mwanzi upumue." Akaurudisha mezani. "Hayo ni maneno tu. Nitakupa mgongo. Funga unachotaka, usiniambie ni kipi. Sikio langu litaamua."

Akaligeukia dirisha. Nje wingu zito la ziwani lilikuwa limeufunika mji, na kioo kilikuwa cheusi tii, taa na meza ya chumbani zikionekana ndani yake.

"Waitu Mwalimu," Datius aliuliza kwa heshima ya Kihaya, "nipige ule wimbo wa kuingilia uwanjani?"

Mwalimu hakujibu. Ndivyo alivyokuwa. Swali la kipuuzi hakulijibu.

Datius akafunga kibano cha shaba na kupiga ule wa kuingilia. Sauti ilitoka kali, ikagonga mabati ya paa na kurudi.

"Shaba," alisema Mwalimu bila kugeuka. "Inakata kama kisu kwenye sahani. Kingine."

Datius alipigwa na butwaa. Mtu amempa mgongo na ametambua mara moja! Kwa sikio kama lile, hakuna pa kujificha.

Akafunga ngozi. Safari hii sauti ilikuwa laini, nzito, kama mtu anayesemea ndani ya blanketi. Katikati ya wimbo pumzi ikamponyoka, na noti moja ikalia kwa mkwaruzo, kama kuku aliyekanyagwa. Alifumba macho, akamaliza vivyo hivyo, akabaki anangoja lile neno moja.

"Ngozi," alisema Mwalimu. "Umepiga vizuri, hujakosea popote. Lakini imezibwa. Kingine."

Datius alifumbua macho. Amehurumiwa? Rugaibula hakuwahi kumhurumia mtu. Labda ndiyo ahueni ya mwisho kabla ya kufukuzwa.

Ukabaki uzi. Ulimdondoka mara mbili. Aliuzungusha mara kumi na mbili, akaukaza kwa meno, akaupapasa kuona kama umeshika. Alimfikiria Ildefons, aliyekuwa nyumbani Nyanga akipalilia migomba, asiyetaka hata kuusikia Uhuru wenyewe ukitajwa. Kisha akainua klarineti mdomoni. Vidole vikashuka taratibu juu ya matundu, vikapanda, vikashuka tena mpaka chini kabisa.

Mwalimu akainua mkono. "Basi! Inatosha."

Aligeuka. Datius hakuwa amewahi kuuona uso ule ukiwa hivyo. Macho ya mzee yalikuwa yamejaa machozi.

"Uzi," alisema Mwalimu. "Huo ndio wenyewe. Haukati, hauzibi. Umejaa kama asali. Miaka yote hii nimekuwa nikiitafuta sauti hiyo. Jumamosi utasimama mbele ya bendi, wewe peke yako, na mwambie Benigna namshukuru." Akamwekea mkono begani. "Umeisikia tofauti yake, Datius?"

Datius alimwinulia uso, kama alivyoagizwa.

"Nimeisikia, Mwalimu," alisema.

Alikuwa anajaribu vidole tu. Alikuwa bado hajapuliza.