Tanuri la Bi Zawena

Waya wa kupimia joto uliyeyuka kabla mita ya Fundi Mbaruku haijatoa namba, ukaning'inia mdomoni mwa tanuri kama kamasi la mtoto.

"Fundi, waya unaingia tanuri la mikate nawe umeuvisha nailoni?" Bi Zawena akauliza. "Ulidhani unakwenda harusini?"

Shemeji yake, Kombo, hakucheka. Alikuwa na sururu begani. Walikwisha kubaliana mbele ya mjumbe: tanuri likishindwa kufika nyuzi mia mbili na ishirini linavunjwa, pajengwe vyumba vya kupangisha.

"Kubali tu, shemeji. Limechoka."

"Limechoka kukutazama wewe."

Akaingia ndani, akatoka na pasi ya umeme ya marehemu mumewe. Ilikuwa nzima; asubuhi hiyohiyo alikuwa amenyooshea kanga zake. Akaifungua skrubu moja moja kwa ncha ya kisu, akachomoa mirija midogo myeupe ya nyuzi za kioo, ile inayokinga waya na joto la pasi.

"Mama, pasi itakufa hiyo," fundi akasema.

"Mwenyewe si keshatangulia? Vika."

Fundi akauvika waya wake wa akiba, akausukuma ndani. Safari hii haukuyeyuka. Namba zikapanda: mia na arobaini, mia na themanini, mia mbili na tano. Hapo zikaanza kusuasua. Kombo akainama kuisoma mita, jasho likimtiririka puani.

Bi Zawena hakutazama. Alikuwa amekwisha mimina maji kwenye unga, anakanda.