Hewa Kwenye Klachi

“Kanyaga, mayu,” Mabula aliliambia tairi la mbele.

Alikuwa amelala chali chini ya pikapu yake, uani kwa wakwe zake, Ipililo. Juu yake pedali ya klachi ilishuka. Mlango ukagongwa mara moja kutoka ndani, ko, maana yake nimeshika. Akafungua nati ya kutolea hewa. Mafuta ya breki yakapita kwenye kampira na kuingia kwenye chupa, yakiwa na mapovu tele.

Akafunga. “Achia.”

Alikuwa amekuja kumfuata mkewe, Monika. Msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wamejaa Maswa, kila mmoja na bei yake, na Mabula akauza pamba yote waliyolima wawili, akanunua pikapu kuukuu peke yake. Monika alipata habari honi ilipolia uani. Hakugomba. Alifunga kanga zake akarudi kwao, Mabula akabaki na gari la kuringia na hana wa kumringia.

Leo Monika hakutoka hata kumsalimu. Alimjibu akiwa nyuma ya mlango: “Rudi na huyo mkeo wa magurudumu manne.”

Mabula akaingia garini aondoke na aibu yake. Pedali ikazama mpaka sakafuni, gia ikagoma kuingia. Akafunua boneti. Kikopo cha mafuta kilikuwa kitupu, na kiungo cha bomba kilikuwa kimelegezwa na mashimo ya barabara ya Lalago. Akakikaza kiungo, akajaza mafuta. Ilibaki kutoa hewa tu, kazi ambayo mtu mmoja haiwezi: huyu akanyage, yule afungue.

Baba mkwe, mzee Ngeleja, alikuwa ameshinda kwenye pamba. Siku hizi za soko huria mzee haachi gunia lake mpaka awazungukie wanunuzi wote, kila mmoja amdanganye kwa mizani yake. Ikabidi Mabula aite kuelekea jikoni kuomba wa kumkanyagia, “mayu”, yaani mama kwa Kisukuma, ingawa mama mkwe haitwi ovyo.

“Sawa, baba,” mama mkwe alijibu kutoka ndani. “Ingia kwanza chini, tusije tukaonana.”

Akaingia, akafumba macho kwa heshima. Kandambili zikaja, mlango ukafunguliwa, ukafungwa. Hakusikia neno, naye hakulitarajia. Mkwe na mkwe hawapigi soga.

“Kanyaga, mayu.” Ko. Mapovu. “Achia.”

“Mayu, usiachie kabla sijafunga. Ukiachia nati ikiwa wazi, hewa inarudi ndani.”

Ko.

Wakaendelea. Mapovu yakaendelea nayo. Chini ya gari mwanamume hupata ujasiri ambao sebuleni hana.

“Mayu, mwambie Monika sikumdharau. Nilimwogopa. Ningemwuliza angesema tuanze na ng’ombe, na angekuwa amesema kweli.”

Mafuta yalitoka yakichemka mapovu kuliko mwanzo. Mabula akakagua mpira, akakagua kikopo, akaongeza mafuta, akarudi chini akitambaa kinyumenyume, uso ameugeuzia ukutani ili adabu isivunjike.

“Na mwambie ugali napika mwenyewe. Juzi niliula mbichi, nikalia. Jirani aliponiuliza, nikasingizia moshi.”

Kitu kilikoroma pale kwenye kiti, kisha kikajikohoza. Mabula akamhurumia mama mkwe. Alikuwa amesikia siku nyingi kwamba ana kifua.

“Kanyaga.” Ko. Mapovu. “Achia.”

Jua likaanza kulala upande wa shamba. Hofu ikamwingia kwelikweli. Gari lisipotengemaa atalala hapa, na asubuhi mzee Ngeleja atamuuliza mbele ya watu amefuata nini, naye atajibu amefuata mke, na watu watatazama kama mke yupo. Baada ya hapo hakuna tena kurudi kumfuata.

“Mayu, sina ujanja mwingine,” alisema. “Mwambie pamba ijayo haiuzwi mpaka aseme yeye. Mwambie gari hili nitaliuza kesho akitaka. Ile nyumba bila yeye siiwezi, mayu. Hata mbwa ameanza kulala kwa jirani.”

Ko, ikajibu mlango, taratibu sana.

Akafungua nati. Chupa ikajaa mapovu. Hewa iliyokwisha kutoka kwenye bomba lile la unene wa kidole ingetosha kujaza tairi la trekta. Mabula akaitazama chupa, akalitazama bomba, akawaza, na wazo likamjia kwa kuchelewa, kama kawaida yake.

“Mayu,” alisema polepole, “kwani unaachia mapema?”

Safari hii mlango haukugongwa. Badala yake, sauti ya mama mkwe ilisikika, na ilitoka mbali, kule kule jikoni.

“Baba, mtakula hapa, au mtakwenda kula kwenu?”

Mabula alibaki na spana mkononi. Juu yake pedali ikashuka taratibu mpaka mwisho, ikatulia.

“Fungua nati, Mabula,” akasema Monika. “Safari hii siachii.”