Sharti la Madhabahuni

"Ishia hapo hapo, dada Melania," Mchungaji Charles alisema kwenye kipaza sauti, na baiskeli ya magurudumu matatu ikasimama hatua mbili kabla ya madhabahu.

Ilikuwa Jumapili ya kuwasimika wazee wa kanisa, hapa Ushirombo. Waumini walikuwa wamempigia Melania kura kwa wingi. Miaka kumi na miwili aliwafundisha watoto wao Jumapili, na siku nyingine alishinda karakanani kwake akichonga mbao na kushona ngozi. Polio ilimlemaza miguu angali mdogo. Uzee wa kanisa aliutaka kweli, wala hakuona haya kuutaka.

Mchungaji alikuwa na sababu, na sababu yake ilikuwa na aya. Torati, alisema, hairuhusu mwenye kilema kusogelea madhabahu. Mungu anataka kilicho kizima. Kisha, kama kila Jumapili, akarudia ushuhuda wake. Zamani akiwa mchimbaji wa dhahabu, shimo la duara lake liliporomoka likamfukia siku mbili, na Bwana akamtoa mzima, hakupungukiwa hata ukucha. Kanisa likaitikia amina. Kupiga magoti aliwaachia waumini. Yeye aliomba amesimama, kwa heshima ya muujiza huo.

Melania hakushangaa. Fununu alizipata tangu Alhamisi, akamsimulia Ustadhi Maige aliyeleta makubadhi yake kushonwa.

"Kwetu hayo hayapo, mayu," Ustadhi alisema. "Mungu alimkanya Mtume mwenyewe kwa kumkunjia uso kipofu."

"Na zile ngazi saba za msikiti wenu nizipandeje?"

Ustadhi akakohoa. Kamati ilikuwa inalijadili jambo hilo tangu mwaka juzi.

"Lakini huyo mchungaji wako si mteja wako?" akauliza, akibadili mazungumzo. "Nimemwona mara mbili akitokea mlango wako wa nyuma."

"Ni mteja. Na mambo ya wateja huwa siyatangazi."

Sasa kanisa zima lilikuwa linamtazama yeye na baiskeli yake. Generosa, katibu, alikuwa ameshakata jina lake na kuandika la mtu mwingine. Melania akamgeukia Mchungaji.

"Baba Mchungaji, sharti hilo ni la watu wote?"

"La wote, dada yangu. Mungu hana upendeleo."

"Hata kwa aliyekwisha kupanda madhabahuni?"

"Hata huyo atashuka," Mchungaji alisema, na Generosa akaliandika neno hilo kwenye muhtasari.

"Basi shuka, Baba," Melania akamwambia. "Shuka polepole, skrubu ya goti lako la kulia sijaikaza tangu Pasaka."