Kipepeo Puani

Kipepeo alitua juu ya pua ya Nahashon, akakunja mabawa, akaanza kunywa jasho. Pua iliwasha kama imepakwa pilipili. Kupiga chafya hakuruhusiwa.

Nahashon alikuwa amesimama katika bonde la milimani, kwenye nyasi mbichi na maua ya majira ya machipuko, kofia ya manyoya kichwani na fimbo mkononi. Milima yenyewe ilikuwa ya sponji iliyopakwa theluji ya rangi, na nje ya mlango jua la Doha lilikuwa likikaanga lami ya Al Sadd. Lakini maua yalikuwa ya kweli, na vipepeo pia. Watu walilipa kiingilio kuja kuwatazama na kuwapiga picha.

Kazi ya Nahashon ilikuwa kuwa sanamu ya mchunga ng'ombe. Mwanzoni bonde lote lilikuwa na sanamu za plasta tu, mpaka msimamizi akagundua kwamba vipepeo wake hawana haja na plasta. Wanapenda chumvi ya jasho. Ndipo akatafuta mwanamume anayetoka jasho upesi na anayeweza kunyamaza, akampaka rangi nyeupe toka utosini hadi viatuni. Wageni hawakuambiwa. Kutikisika mbele yao kulikuwa kujifukuza kazi.

Jasho Nahashon alikuwa nalo tele. Kunyamaza ndiko kulikomshinda. Wageni wakitoka tu, alianza kumsimulia mambo yake mpiga picha wa plasta aliyepiga goti kando yake, uso umefichwa na kamera. Plasta ile ilisikiliza vizuri kuliko watu wengi wenye masikio. Juzi mama mmoja, katika kutafuta selfi, aliining'inia shingoni akaivunja, ikapelekwa kutengenezwa. Asubuhi hii Nahashon aliikuta imerudi, tena mafundi wameitendea haki, hadi mishipa ya mikono inaonekana.

"Chelsea, kuja uone!"

Sauti hiyo Nahashon angeitambua hata usingizini. Alikuwa Cherotich, muuguzi wa Al Thumama, mchumba wake mwenyewe, na alikuwa ameinua simu akipiga picha pua ya mtu ambaye, kwa alivyojua yeye, yuko ofisini na kompyuta zake.

"Na vile inakaa kama mtu!" rafiki yake Chelsea akasema. "Hadi inatoa jasho."

"Hiyo ni AC inavuja. Wacha nimtumie Nahashon hii picha. Maskini, saa hii amezikwa kwa kazi."

Simu ikatetemeka ndani ya suruali ya mchunga ng'ombe. Kipepeo akaruka.

"Umesikia nyuki?" Chelsea akarudi nyuma.

Cherotich hakusikia. Alikuwa ameweka mkoba wake juu ya mgongo wa mpiga picha ili apate nafasi ya kuandika ujumbe. "Hajibu. Lakini Ijumaa lazima aje. Tukitoka kanisa huko Mesaimeer, anakutana na kaka yangu Wayne."

"Brathako? Si ameingia Doha juzi tu?"

"Na ashapata kazi ya kupiga picha! Wayne ndiye amesimama mahali pa baba. Akisema hapana, hata mama nyumbani hatakubali. Na vile hapendi mtu mwongo! Yule mchumba wa kwanza alimfukuza juu ya kusema ni meneja, kumbe anaosha magari."

Kipepeo alizunguka, akatua kwenye sikio la mpiga picha. Nahashon alitamani kucheka, pamoja na hofu yake yote. Kumbe kazi nzuri ya fundi inaweza kumdanganya hata mdudu.

Cherotich alichukua mkoba wake, akamshika Chelsea mkono, wakaondoka wakichekea picha zao. Bonde likabaki tupu.

"Umesikia, rafiki yangu?" Nahashon akasema kwa meno, midomo haitingishiki. "Nimekwisha!"

Alimpenda Cherotich, alimpenda hasa. Uongo wa kompyuta ulimtoka siku ya kwanza kwa sababu ya aibu tu, maana ni nani atamwambia msichana mrembo kwamba ameajiriwa kutoka jasho? Tangu hapo kila wiki uongo ulikuwa umeongezwa chumba kingine, na sasa ilikuwa nyumba nzima.

"Nikisema ukweli, huyo Wayne atanifukuza kwa kudanganya dadake. Nikishikilia uongo, si wanasema njia ya mwongo ni fupi?" Akafikiri kidogo. "Afadhali nishikilie. Lakini lazima nifanye mazoezi, nisije nikababaika mbele ya mtu mkali hivyo. Wewe jifanye ndio Wayne, sawa?"

Mpiga picha hakupinga.

Nahashon akasafisha koo. "Karibu Doha, shemeji. Jisikie nyumbani. Mimi niko upande wa kompyuta, hapo Al Sadd, ofisi kubwa sana. Nina watu wanne chini yangu, na mudiri, bosi mwenyewe, hafanyi kitu kabla hajaniuliza..."

"Wanne ni wengi, shemeji. Weka wawili," mpiga picha akasema, uso bado nyuma ya kamera. "Na Ijumaa, tafadhali, usimwambie dadangu kwamba hii kamera yangu ni ya mbao."