Utepe wa Mgeni Rasmi

Mtambo wa kuchuja maji ulikuwa na wiki ya sita pale kisimani, umefungwa utepe mwekundu, ukimsubiri mgeni rasmi aje kuuzindua. Watu wakaendelea kunywa maji yale yale yenye sumu ya arseniki.

Asubuhi hiyo Bi Sikudhani alikuja na ndoo na kisu cha jikoni.

"Bi mkubwa, utatuaibisha," mwenyekiti wa kijiji alimzuia. "Mgeni anakuja Alhamisi."

"Alhamisi ipi? Ile ya kwanza tulimpikia pilau, mkaila nyinyi. Hebu shika hapa."

Akamshikisha kiganja chake, kigumu, kimejaa vinundu kama mgongo wa kenge.

"Vinundu hivi vya sumu ya maji haya, mimi nimeshazeeka navyo. Jana nimeviona kwenye nyayo za mjukuu wangu, ana miaka saba. Na yeye nimwambie asubiri hotuba?"

Bibi akakata utepe, akafungua bomba, akajaza ndoo yake, akaenda zake.

Wanawake waliopanga foleni kisimani walitazamana. Kisha mmoja akatoka, akaitua ndoo yake chini ya bomba. Mwenyekiti alifungua mdomo amkaripie, akaona ni mkewe. Mwanamke yule alikuwa anayatazama maji tu.