Hesabu ya Kusema na Kunyamaza

"Kata hiyo nyingine," mhadhiri akamwambia fundi wa kompyuta. "Yangu ipite."

"Mwenyewe atalia, bosi."

"Alie. Mwenyekiti wa kamati ya mitambo ni nani hapa?"

Fundi akainua mabega, akabonyeza. Tangu juzi hesabu mbili nzito zilikuwa zinagombania kompyuta kubwa ya chuo, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Mhadhiri alishaamua kuwa ile nyingine ni ya watu wa hali ya hewa. Watu wa ajabu hao! Mvua si wachungulie dirishani tu?

Yake ilikuwa na uzito, ingawa hakuthubutu kumwambia mtu ni ya nini. Mwenzake wa ofisi ya pili, yule dada aliyefundisha naye nadharia ya michezo, ile hesabu ya watu wanaoamua kwa kutegeana, miaka minne, alikuwa anahama. Kazi mpya, nchi ya mbali, teksi saa nne asubuhi hiyo hiyo. Na mhadhiri alimpenda mpaka chakula kilikuwa hakipiti.

Mtu mwingine angesema. Yeye alikokotoa. Wachezaji wawili, kila siku uamuzi mmoja: kusema au kunyamaza, na wa leo unabadilisha wa kesho. Alitafuta msawazo, yaani pale ambapo hakuna kati yao atakayefaidika kwa kubadili nia peke yake. Wiki nzima jibu lilikuwa lile lile: subiri. Juzi akaingiza siku ya safari ndani ya hesabu, nayo ikaanza kujikokota.

"Mwambie tu, mwanangu," mama yake alishamsihi kwenye simu. "Mdomo umepewa wa nini?"

"Mama, hii ni sayansi."

"Haya. Utakuja kuioa hiyo sayansi yako."

Kutoka kwa fundi akapitia ofisini kwa yule dada. Vitabu vilikuwa vimeshaingia kwenye maboksi, rafu zimebaki tupu.

"Umemaliza kufunga?"

"Kila kitu. Nasubiri jibu moja tu."

Watu wa ubalozi hao na viza zao, akawaza mhadhiri, wanapenda kuchelewesha watu.

"Na wewe?" dada akauliza. "Huna la kuniambia?"

Alikuwa nalo. Lakini hesabu ilikuwa bado haijaisha.

"Safari njema," akasema, akatoka upesi, akijiona zuzu.

Saa nne kasoro dakika tano jibu likatokea kwenye kioo cha kompyuta yake: sema, leo. Alishuka ngazi mbili mbili, kiatu kimoja kikabaki njiani, wanafunzi wakampisha huku wakicheka. Alipofika getini, teksi ilikuwa inapotelea kwenye kona. Fundi alikuwa bado anapunga mkono.

"Kaenda?"

"Kaenda, bosi. Nimembebea maboksi. Ila kwanza alipita kwangu kuulizia hesabu yake, ile tuliyoikata, ya wachezaji wawili kama yako."

Mhadhiri akasimama kwenye changarawe na soksi yake moja.

"Ukamwambiaje?"

"Ukweli. Kwamba wewe ndiye uliyeamuru ikatwe. Akasema, 'Basi kanijibu mwenyewe.'"